Macho ya Mke wa Fundi

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Kiti chake kilikuwa kwenye baraza la duka la nguo la Mhindi mmoja pale Dodoma mjini, miaka ile ya baada ya vita ya Hitla, Mwingereza akiwa bado ametukalia. Barazani walikaa mafundi wawili. Mmoja ni yeye, Mgogo wa upande wa Msalato kama mimi. Wa pili alikuwa mzee wa Kinyamwezi, Mwislamu mwenye kofia safi siku zote, aliyekuja na reli zamani za Mjerumani, akaoa na kuzeekea hapo hapo. Tulimwita Mzee Fundi. Mwenye duka tulimwita Tajiri. Alishinda ndani katikati ya marobota ya vitambaa, na kila kelele za cherehani zikinyamaza alichungulia kuona kuna nini.

Watu hudhani kazi ya fundi inaishia pale kwenye cherehani. Cherehani inaunga vipande tu. Suruali haivaliki bila pindo wala vifungo, na siku zile matundu ya vifungo yalishonwa kwa mkono, uzi ukizungushwa ukingoni mwa tundu mpaka liwe gumu lisiweze kufumuka. Kazi hiyo aliileta nyumbani, nikaifanya mimi.

Sikuajiriwa na mtu. Ilianza siku mume wangu aliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alijaribu, akalowesha uzi kwa mate, akajaribu tena, mwisho akanitupia sindano na kusema, "Nitungie." Nikatunga. Kesho yake nikatunga na kumshonea vifungo viwili vitatu. Haukupita mwezi nikawa nafanya kazi yote ya mkono, nimekaa mlangoni kwetu kwenye mwanga, upepo wa Dodoma ukinimwagia vumbi jekundu usoni, na wanangu wawili wa kike wakicheza kando yangu.

Macho yake yalikuwa yameharibiwa na vikope. Kwetu Ugogo watu hawakuvihesabu kuwa ugonjwa. Mtoto anaanza na tongotongo, nzi wanamkalia, macho yanakuwa mekundu, yanapoa, yanarudi. Akishakuwa mtu mzima kope zake zinaanza kujikunja kuingia ndani, na kila akipepesa zinamkwaruza jicho kama makapi ya uwele. Mume wangu alifika hapo mapema. Alikuwa akilala chali, kichwa chake mapajani mwangu, nami namng'oa kope moja moja kwa kikoleo kidogo nilichonunua kwa mhunzi. Alikuwa akishika ukingo wa kanga yangu kwa nguvu, halafu akinyanyuka anasema, "Ahsante, mama. Sasa naona."

Nami nilikuwa navyo. Nilivipata utotoni kama yeye, ila vyangu vilichelewa. Jicho la kulia liliwasha zaidi. Sikumwambia mtu, maana ningesema nini? Kila nyumba ilikuwa na mtu wa macho mekundu.

Siku moja mume wangu alirudi akiwa na furaha. Tajiri alikuwa amepata kazi ya serikali: kushona sare za kaki za matarishi wa bomani na kaptula za wanafunzi wa shule. Kazi ile ilikuwa ya msimu hata msimu, si ya kubahatisha. Lakini wakubwa wa boma walitoa sharti. Kila anayeshona nguo za serikali, na hasa nguo za watoto wa shule, sharti apimwe na daktari, asije akaambukiza watu magonjwa. Na baada ya hapo atapimwa tena kila msimu.

Tajiri aliogopa kuliko mafundi wenyewe. Alikuja barazani na vipande vya sabuni.

"Fundi, kesho kutwa daktari nakuja," alisema, kwa Kiswahili chake. "Osha uso vizuri. Nguo safi vaa. Kama daktari nasema mgonjwa, kazi yote nakwenda duka lingine. Mimi natafanya nini, na ninyi natafanya nini?"

Mume wangu alinisimulia haya akicheka, akimwigiza. Mimi sikucheka. Nilimwuliza, "Wakikuona macho je?"

"Ng'oa vizuri tu," alisema. "Usiache hata moja."

Nikang'oa, nisiache hata moja.

Siku ya kupimwa nilikuwepo. Sikuitwa, ila asubuhi ile nilikuwa na kaptula za shule nilizozimaliza, na Tajiri alizitaka mapema. Nilizifunga ndani ya kaniki, nikazibeba kichwani, nikapita mlango wa nyuma kama kawaida. Uani palikuwa na meza, kiti kimoja, na beseni la maji yaliyotiwa dawa mpaka yakawa meupe kama tui. Daktari alikuwa Mzungu kijana, shingo nyekundu kwa jua. Pamoja naye alikuwa dresa, yaani yule mganga msaidizi Mwafrika aliyefunga vidonda hospitalini, naye ndiye aliyetafsiri. Nilisimama karibu na mlango, nikasubiri.

Walianza na Mzee Fundi. Walimsikiliza kifua, wakamtazama mikono na kichwa kama ana choa, wakamtazama macho. Alikuwa mzima. Akavaa kofia yake akasogea pembeni.

Mume wangu akakaa kitini. "Fungua macho," dresa alisema. "Sasa tazama chini."

Daktari akamshika ukingo wa kope ya juu, akaweka njiti ya kiberiti juu yake, akaipindua kope nje kama mtu anavyopindua mfuko wa suruali. Nilikuwa sijawahi kuona ndani ya jicho la mume wangu namna ile. Palikuwa pekundu, pamejaa michirizi myeupe kama kovu la moto. Daktari akalitazama kwa muda, akapindua na la pili, akasema maneno ya Kiingereza.

"Daktari anasema una vikope vya siku nyingi," dresa alisema. "Na kope zimegeuka. Anaona zimeng'olewa, lakini zitaota tena, na kila zikiota zinakula kioo cha jicho. Inatakiwa upasuliwe kope zigeuzwe zirudi nje. Ukichelewa, utakuwa kipofu."

Tajiri akaingilia. "Lakini kazi naweza?"

Dresa akatafsiri, daktari akajibu, akimtazama Tajiri usoni, na dresa akasema: "Akitibiwa ataweza. Anasema umpe ruhusa aende hospitali ya misheni akapasuliwe, na umtunzie kiti chake. Dawa ya kupaka atapewa na serikali. Mimi nitapita hapa dukani kila wiki kumwangalia."

Tajiri akafikiri kidogo, akasema sawa.

Siwezi kusema uongo, ilikuwa neema. Sikuwa nimesikia mwenye duka akiambiwa amtunzie mgonjwa kiti chake, wala mganga akiahidi kumfuata fundi kazini. Nilishika vizuri mzigo wangu kichwani. Nilijua hospitali inayopasua macho ipo, lakini nilidhani ni ya watu wengine. Nikafikiri, sasa zamu yangu imefika.

Na ilifika kweli. Daktari alikuwa akinawa mikono alipouliza swali. Dresa akalitafsiri kwa wote: "Daktari anauliza, ni nani mwingine anayeshika nguo hizi?"

Mzee Fundi akakohoa. "Bwana Daktari," alisema, "na wale wa nyumbani, wanaotusaidia kazi ya mkono..."

"Nyumbani hapana kazi," Tajiri alimkata. "Kazi yote hapa hapa barazani."

Daktari akageuka, akaniona. Akanionyesha kwa kidole kilichokuwa kikitiririka maji. Dresa akauliza, "Na mama huyu ni nani?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa bado kitini, machozi yanamtoka kwa ile njiti, anapangusa kwa mkono wa shati.

"Ni mke wangu," alisema. "Ameniletea chakula."

Dresa aliutazama mzigo wangu. Ukanda wa kaptula ulikuwa umechomoza kwenye kaniki, na matundu yake ya vifungo yanaonekana waziwazi. Aliuona. Nilimwona akiuona. Kisha akamwambia daktari maneno mafupi, na daktari akanitabasamia, akasema, "Jambo, mama."

Nikasema, "Jambo, Bwana."

Akajifuta mikono, wakakusanya vitu vyao wakaenda zao.

Mchana mume wangu alipokuja nyumbani nilimtengea ugali, nikakaa mbele yake. Alijua. Alikula tonge mbili akasema, "Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema nashona."

"Ningesema unashona, angekupima. Angekukuta na vikope. Angesema nguo za watoto wa shule zisishonwe tena katika nyumba hii. Tajiri angenyang'anywa kazi, nami ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Tungekula nini?"

"Au angenipa dawa," nikasema.

Akanawa, akarudi kazini. Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa na haki katika maneno yale. Huenda yeye. Daktari angeweza kufanya vile alivyosema. Lakini hakupewa nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo mawili, na aliyemnyima nafasi hakuwa Mwingereza wala Mhindi.

Alikwenda hospitali ya misheni kwa lori, akapasuliwa, akakaa huko mpaka nyuzi zikatolewa. Tajiri alitimiza ahadi, kiti kilimngoja. Kibarua mmoja alishika cherehani yake kwa muda. Kibarua yule alijua kuunga tu, kazi ya mkono ilikuwa imemshinda kabisa, kwa hiyo mzigo wangu ukawa mara mbili. Mzee Fundi ndiye aliyeniletea vitambaa kila jioni akielekea msikitini.

"Shikamoo, baba," nilikuwa nikimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Macho yako yakoje?"

"Yanawasha kidogo tu."

"Hayo si kidogo," alisema siku moja, akiinama kunitazama. "Mimi nilijaribu kusema pale. Ulinisikia."

"Nilikusikia, baba."

"Ningesema zaidi," akasema, akaiweka sawa kofia yake. Alikuwa mzee na kiti kile ndicho alichokuwa nacho. Sikumlaumu. Nilipokea vitambaa nikashona.

Mume wangu aliporudi kope zake zilikuwa zimegeuka nje, zimekaa kama za mtoto. Alikuwa akitembea uani akitazama vitu: kuku, paa la jirani, mlima ule wenye mawe. Alimnyanyua mtoto mdogo akasema, "Kumbe una baka hapa shingoni." Nilifurahi kwa ajili yake, nakumbuka nilifurahi. Alikuja na tyubu ndogo ya dawa, akawa anapaka asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa.

Nikamwomba. "Nipake na mimi kidogo."

"Dresa anapita kila wiki," alisema. "Ananiuliza dawa imefikia wapi. Ikiisha mapema atajua."

"Atajua nini?"

"Atajua naigawa."

Siku ile alimpaka mtoto mdogo kwa ncha ya kidole, halafu mkubwa. Mimi akanipita. Akafunga kifuniko, akatia tyubu kwenye mfuko wa shati, na kuanzia hapo ilikaa mfukoni humo humo.

Sasa nilikuwa najing'oa kope mwenyewe, kwa kipande cha kioo nilichokibana kwenye ufa wa ukuta. Kujing'oa ni kazi. Jicho linalotazama ndilo linalong'olewa, na machozi yakijaa huoni tena. Nilimwomba jirani, akaogopa. Mume wangu nilimwomba mara moja. Alijaribu kope moja, akaweka kikoleo chini, akasema kazi hiyo haiwezi. Yeye aliyeweza kunyoosha mshono wa mguu mzima wa suruali bila chaki.

Msimu uliofuata waliposema daktari anakuja tena, niliamua. Sikumwambia mume wangu. Nilivaa kanga yangu safi, nikaingia mlango wa nyuma bila mzigo wowote, nikasimama nyuma ya mafundi. Safari hii daktari alikuwa mwingine, mtu mzima mwenye haraka, ila dresa ni yule yule.

Tajiri akanisogelea akasema polepole, si kwa ukali, "Mama, hapa fundi tu. Wewe kwenda nyumbani."

"Nimekuja kupimwa macho," nikasema kwa sauti.

Mume wangu akageuka. Uso wake siwezi kuusahau. Haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyeshikwa na aibu mbele ya wakubwa. "Rudi nyumbani," akasema kwa Kigogo, ili wengine wasielewe. "Unanimaliza."

Dresa alikuja akanishika bega, akanitoa taratibu hadi mlangoni. "Mama, hawa tunaowapima leo ni wafanyakazi," alisema. "Orodha imetoka bomani. Wewe njoo hospitalini siku ya watu wote. Usikose."

Sikukosa. Siku ya watu wote uwanja wa hospitali ulijaa toka alfajiri: akina mama na watoto wa kikohozi, wazee waliokuja na punda kutoka mbali, watu wa vidonda. Nilipofika mbele, dresa mwingine nisiyemjua alinidondoshea dawa kwenye macho yote mawili, akasema nirudi kila siku kwa wiki kadhaa. Kila siku! Na maji nichote saa ngapi, na nguo za matarishi amalizie nani? Nilirudi siku chache. Siku moja dawa ilikuwa imekwisha. Nikaacha.

Jicho la kulia lilianza kufanya ukungu. Mwanzoni nilidhani ni moshi wa jikoni. Nilikuwa naosha, ukungu hauondoki. Matundu yangu ya vifungo yakaanza kupinda. Tajiri akamgombeza mume wangu kwa matundu yale, na mume wangu akaja kunigombeza mimi. Hapo ndipo nikamfunga mtoto mdogo mgongoni, nikamwacha mkubwa kwa jirani, nikaenda hospitali ya misheni kwa miguu. Nililala njiani kwa ndugu wa mama yangu.

Huko walinipokea vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Muuguzi wa Kizungu alinipindua kope, akaniuliza maswali kwa kupitia kwa msichana mmoja wa pale, Mgogo mwenzangu aliyesoma.

"Anauliza unafanya kazi gani," msichana akasema.

"Nashona."

"Unashonea wapi?"

"Nyumbani. Nashona nguo za duka. Nguo za serikali."

"Duka la nani? Umeajiriwa na nani?"

Nikamtaja Tajiri, nikamweleza kuwa mume wangu ndiye fundi wa barazani na mimi nashona kazi ya mkono. Msichana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia muuguzi. Kiingereza sikijui, lakini maelezo yangu marefu yalitoka kinywani mwake mafupi sana.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza.

"Nimemwambia wewe ni mke wa fundi."

Walinipasua kope zote mbili. Jicho la kushoto likapona. La kulia kope ziligeuka nje vizuri kama za mume wangu, lakini kioo chake kilikuwa kimeshakwaruzwa mpaka kikawa cheupe, na muuguzi alisema cheupe kile hakitoki. Alisikitika kweli. Alinishika mikono. Akasema, kupitia kwa msichana yule, "Ungekuja mapema kidogo, mama."

Nilicheka. Msichana alishtuka, akadhani nimepagawa.

Nilirudi mjini nikaendelea kushona kwa jicho moja, polepole. Kwa jicho moja hujui vizuri kitu kiko karibu au mbali, kwa hiyo nilijichoma vidole mara nyingi, na ilibidi nifue madoa ya damu kwenye kaki kabla mume wangu hajaipeleka dukani. Mume wangu hakuuliza habari ya jicho langu. Alilitazama siku ya kwanza, akageuza uso.

Daktari alipokuja msimu mwingine, yule mwenye haraka, macho ya mume wangu yalikuwa mekundu tena. Kope zilikuwa sawa, lakini vikope vilimrudia ndani. Ningeweza kumwambia daktari vimetoka wapi. Mwanangu mdogo alikuwa navyo, na mkubwa, na mimi wakati ule wote nilikuwa navyo. Tulilala kitanda kimoja na kupangusana uso kwa kanga moja. Walimtibu mtu mmoja katika nyumba ya watu wanne, wakashangaa ugonjwa umerudi.

Mzee Fundi ndiye aliyenisimulia yaliyopita uani siku ile. Daktari alikasirika. Alimwuliza mume wangu anaosha uso mara ngapi. Mume wangu akasema kila asubuhi. Daktari akasema mwongo, mtu anayeosha uso kila asubuhi vikope havimrudii. Kisha akahutubia wote juu ya maji na usafi. Mjini Dodoma, kiangazi, maji tuliyakuta korongoni kwa kuchimba mchanga, tukikaa foleni na madebe yetu mpaka kisima kijichuje. Alihutubia juu ya maji, akanawa kwenye beseni, akasema fundi huyu asishike tena nguo za watoto wa shule.

Tajiri alimwita ndani. Alimpa kitambaa cha kutosha shati, kama zawadi, akamwambia, "Fundi, si mimi. Daktari nakataa."

Mume wangu alikuja nyumbani na kitambaa kile mkononi. Nilikuwa mlangoni na sare ya tarishi magotini, nimebakiza kifungo kimoja. Alisimama juu yangu.

"Umenirudishia," alisema.

Sikuelewa mara moja. "Nimekurudishia nini?"

"Ugonjwa. Mimi nilipona. Nilikuja hapa nimepona, wewe ukanirudishia."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimezika wazazi na ndugu, nimeona njaa, lakini hakuna neno lililoniingia kama lile. Niliweka sindano chini. Nilisimama, nikamtazama kwa jicho langu moja, nikamwambia, "Uliulizwa. Daktari alikuuliza mimi ni nani, nikiwa nimesimama pale na kazi yako kichwani. Ukasema chakula."

Aliinua mkono. Hakunipiga. Aliushusha, akaingia ndani akalala na viatu. Nami nikaketi nikamalizia kile kifungo, kwa sababu sare ilikuwa ya mtu na ilitakiwa kesho. Sijui kwa nini nilikimalizia. Leo ningeitupa korongoni.

Tulirudi kwao, upande wa Msalato, kwenye nyumba ya tembe ya baba yake. Tukalima uwele na mtama kama wenzetu. Nilipika pombe ya mtama nikauza, na kila baada ya mavuno niliwachukua wanangu hadi misheni wakaangaliwe macho, bila kumwomba mtu ruhusa. Nilimwambia muuguzi yule awatazame wote wawili, si mmoja, akasema, "Bila shaka, mama." Wanaona vizuri, wote wawili.

Mume wangu hakwenda tena hospitali. Nilimwambia mara nyingi. Alisema hospitali ndiyo iliyomtoa kazini. Kope zake zilijikunja tena taratibu, na safari hii sikumng'oa. Aliniomba mara moja tu. Nilimwambia sioni vizuri, naweza kumchoma. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote.

Wageni walipokuja alipenda kusimulia habari za mjini: baraza, cherehani, sare za matarishi wa boma zima. Alisema hakuna aliyeshona matundu ya vifungo kama yeye. Siku moja mbele ya shemeji yake nikasema, "Matundu nilishona mimi." Shemeji akacheka, akamtazama mume wangu. Mume wangu akasema, "Huyu naye ana maneno," akaendelea na hadithi yake. Nikachukua ungo nikatoka nje kupepeta.

Alipokuwa haoni kabisa, ndipo alipoanza kuniita mara kwa mara. Alikuwa akikaa kizingitini, akisikia hatua anauliza, "Nani anapita?" Nikimwona mtu, namwambia ni fulani, amebeba hiki, anaelekea kule. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kisha anauliza tena.